Mkono wa Kushoto

Haya yalimpata rafiki yangu Gaudiose, kiongozi wa maskauti kule La Rochelle. Kabla ya kupiga kambi, vijana wanaoingia chama chao cha heshima hujitolea kufanya kazi bila kutamka neno, mpaka kiongozi awape mkono wa kushoto, salamu ya kiskauti, ndipo waruhusiwe kusema. Mwaka 2018 aliwapeleka kufagia chumba cha chini ya kanisa moja mjini.

Umeme ukakatika. Mifagio haikunyamaza: shwaa, shwaa. Gaudiose akapuliza filimbi, akasimama mlangoni gizani akishika mikono ya kushoto, mmoja baada ya mwingine.

"Eish, mbona baridi hivi? Haya, sema sasa."

Alipopanda juu aliwakuta vijana wote uani, kimya. Walitoka kwa mlango wa nyuma umeme ulipokatika tu, wakawa wanamngoja awape mkono.

Huko chini, watu wakaanza kusema.