Afadhali Ungekuwa na Mwanamke

"Nipe hiyo simu."

"Ya nini?"

"Nimesema nipe, Fundi. Leo nitamjua huyo mwanamke."

Fundi alicheka kicheko cha mtu aliyebanwa. Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na koti la bwana harusi, limekamilika mwili, limebaki mikono tu. Na mikono yenyewe, jamani, yote miwili ilikuwa ya kushoto! Miaka tisa mume huyu anakata na mke huyu anashona, na kitambaa kikitoka kwenye mkasi wa mumewe, Bibie hakikagui. Bibie ndilo jina walilompa wateja, likamkaa. Asubuhi hiyo aliugeuza ule mkono wa pili mara nne, akidhani aliyekosea ni yeye.

"Mtu anayekata mikono miwili ya upande mmoja, akili yake haipo hapa," alisema. "Unacheka peke yako. Unakula hutazami sahani. Chooni unaingia nayo. Ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi nipe."

Akampa. Namba ya siri ilikuwa ile ile, tarehe ya ndoa yao, na hilo lilimchoma Bibie zaidi. Akasoma meseji zote, roho juu. Akamkuta mteja wa suruali. Akamkuta wifi yake. Akajikuta na yeye mwenyewe: "Njoo ule." "Chakula kinapoa." "Upo?" Hakuna hata moja iliyojibiwa. Mwanamke hakuwepo.

Akafungua pale simu inapoonyesha muda wa matumizi. Jana peke yake, jumla ya saa saba na dakika arobaini. Na zote ni video tu: mtu anaosha mazulia. Mtu anakata miti. Mtu na mkewe, hawajulikani hata wanaishi wapi, wanagombana, na watu elfu nzima wanawaamulia.

Bibie akakaa chini.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke."

"Unasema nini wewe?"

"Mwanamke ningemfuata kwake, tungetukanana mpaka majirani watoke nje. Ningejua nimeachwa kwa ajili ya nani. Sasa niende nikagombane na muosha mazulia?"

Bibie akatoa simu yake mwenyewe, akamsomea ujumbe wa dada yake aliokuwa ameuficha wiki nzima:

"Nafasi ya kiwanda cha sare bado ipo. Uje ukae kwangu. Nijibu kabla Ijumaa haijaisha."

"Unaniacha?"

"Sijui. Ijumaa nitajua."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano mchana akaja dada yake Fundi, muuguzi, bado amevaa sare ya kazini. Bibie alikuwa amempigia akilia. Alikuja na karatasi ya maswali manane wanayotumia zahanati kumpima mtu aliyezidiwa na mtandao.

"Kaka, huu si mtihani. Weka alama, ndiyo au hapana."

Fundi alimaliza kabla hata chai haijamiminwa. Hapana saba, ndiyo moja: kwamba hukaa mtandaoni zaidi kuliko alivyopanga.

"Hiyo si kila mtu!" akajitetea.

"Wifi, na wewe mjibie huyu mumeo."

Bibie alijibu polepole kwenye karatasi ya pili. Ndiyo saba. Swali la sita aliliacha wazi kwa sababu hakulijua jibu lake. Muuguzi akaziweka karatasi mbili sambamba mezani.

"Mtu angedhani ni wanaume wawili."

"Sasa mkweli nani?" Fundi akauliza.

"Karatasi haijui. Na wingi wa saa peke yake hauniambii kitu, hata mimi zamu nzima niko kwenye kompyuta. Mimi nauliza, hiyo simu imechukua nafasi ya nini? Na inakukinga na nini? Swali la sita, kaka. Unaingia mtandaoni ili usiwaze jambo fulani?"

Fundi alikikuna kidole gumba.

"Sizioni alama za chaki," alisema mwishowe. "Tangu mwaka jana. Kwenye simu nikivuta kwa vidole, kitu kinakuwa kikubwa. Kitambaa hakivutiki. Nikiogopa, naishika. Nikija kuzinduka, kazi imelala, naogopa zaidi, naishika tena."

"Mwaka mzima!" Bibie akaruka. "Mwaka mzima unaogopa na mimi niko hapa, cherehani yangu inagusa meza yako! Ungesema tu!"

"Ningesemaje? Fundi asiyeona?"

Bibie alikuwa na hasira na alikuwa na huruma, vyote kwa pamoja, asijue aanze na kipi.

Alhamisi miwani ikapatikana. Fundi akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, akaushika juu, akacheka kama zamani. Bibie alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akatoka nje kuanua nguo, akiimba. Aliporudi, alimkuta mumewe na miwani mpya puani, shingo imeinama, simu mkononi.

"Loo! Sasa unaiona vizuri zaidi," alisema.

Fundi hakucheka. Aliiweka simu mezani, mkono ukabaki juu yake.

"Nilitaka yawe macho tu," alisema. "Macho yana dawa, unaenda unapimwa, unarudi. Bibie, hata sikumbuki nimeishika saa ngapi. Iko wapi ile karatasi?"

Safari hii alijibu kwa sauti, swali kwa swali. Ndiyo. Ndiyo. Hapana, hajawahi kumkosa mteja kwa sababu hiyo. Akafikiri, akalifuta, akaandika ndiyo. La nane liliuliza kama amewahi kumdanganya mtu wa karibu.

"Ndiyo. Nikikwambia naenda stoo kutafuta vifungo, sitafuti vifungo."

Ijumaa, kabla hawajafungua duka, Bibie akapiga moyo konde.

"Nimemjibu dada. Naenda kiwandani."

Fundi akashika meza. "Basi umeniacha."

"Kwa dada sihamii. Asubuhi naenda, jioni narudi."

"Kwa nini uende, mke wangu? Si nimekubali kila kitu?"

"Kwa sababu nikibaki hapa nitakuchungulia kutwa nzima. Nitahesabu umeenda chooni mara ngapi. Mimi ni mkeo, Fundi, sitaki kuwa askari wa simu. Wifi amekutafutia mshauri pale zahanati kila Jumanne. Utaenda mwenyewe, mimi sitakusukuma."

"Na nikishindwa?"

"Uniambie. Ukishindwa nitakuwa na wewe. Ukinificha, hapo ndipo nitafunga mizigo."

Jumatatu jioni alirudi mgongo unauma, vumbi la pamba kwenye nywele. Fundi alikuwa ameketi mezani, sahani mbili zimefunikwa.

"Habari za huko?"

"Acha tu. Kuna msimamizi mmoja..."

Chumbani, kabatini alikoifungia Fundi, simu ikaanza kuita. Bibie alimwona mumewe akinyanyuka nusu, kisha akirudi kukaa.

"Inaita," Bibie alisema.

"Naisikia."

"Inakuuma?"

"Inaniuma, sitakuficha." Akavuta kiti karibu yake. "Msimamizi ana nini? Niambie yote."

Simu iliita mpaka ikachoka. Bibie akaanza kumsimulia, tangu geti la asubuhi.