Kago la Mkanda wa Bibi Khole

Yaliyompata jirani yangu Ghalibu, watu wa Mtendeni, hapa Tabora, wanayajua nusu. Wakikaa barazani wanasimulia, wanatikisa vichwa, wanamlaani bibi wa watu aliyekwisha kwenda zake. Nusu ya pili ninayo mimi, Raymundi, fundi wa redio, na sijawahi kumpa mtu.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, kiangazi cha mwaka themanini na tano. Sukari ilikuwa imefika duka la ushirika, kwa hiyo mke wa Ghalibu alikwenda kupanga foleni tangu alfajiri. Ghalibu alinifuata nyumbani saa nne. Jamaa zake wa Maskati walikuwa wamemletea televisheni na deki, na deki ya pili alikuwa ameiazima kwa shemeji yake. Kwetu bara hakukuwa na kituo cha televisheni wakati ule. Kioo kile kilikuwa cha kutazamia mikanda tu, na mikanda mjini ilikuwa ya Bibi Khole.

Bibi Khole alikuwa mjane, amekonda kama ufito, na mwanawe alikuwa akimletea mikanda kutoka Uarabuni. Alikodisha kwa siku moja, unairudisha mwenyewe mkononi mwake. Tulipokwenda kuuchukua huo wa siku ile nilimwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tazameni mpaka mchoke. Ila msitoe nakala. Nimeuwekea kago."

Njiani Ghalibu alicheka mpaka akakohoa. "Kago kwenye mkanda, fundi! Mimi najua la shamba la mihogo."

Nilicheka naye. Kago kila mtu wa Unyamwezi analijua: dawa ya kulinda mali. Mwizi akiingia kwenye shamba lenye kago hatoki, anazunguka humo humo hadi mwenye shamba aje amfungue. Mimi nilisoma misheni, nikayaita mambo ya washamba. Ghalibu alitaka nakala aipeleke Kaliua, ambako watu hawajawahi kuona picha ya namna ile. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba hakuna kinachomshinda Raymundi.

Mkanda ukicheza peke yake ulikuwa safi. Tulipounganisha deki mbili sebuleni kwake, ubishi ukaanza. Picha inafifia hadi giza, inarudi, inawaka kupita kiasi, inafifia tena. Nikasafisha vichwa vya deki kwa spiriti. Nikabadilisha waya. Wapi! Nikajua wenyewe waliotengeneza wameweka kizuizi cha kumkorofisha anayenakili. Ghalibu alichoka kungoja, akaenda stesheni kumpokea mgeni wake. Treni ya Kigoma ilichelewa, kama kawaida yake.

Nikabaki na Nunu, mtoto wake wa miaka saba. Alikuwa uani, juani, akicheza mdako, mgongo wake kwenye mlango. Kioo hakukiona kabisa.

"Mjomba, mbona umezima?" aliuliza.

Nikaendelea na waya zangu. Nilidhani anasema televisheni.

Kioo kikafifia tena. Nikasikia kijiwe cha Nunu kimeanguka uani. Kioo kikawaka. Akakiokota, akarusha, akadaka. Kikafifia. Kijiwe kikaanguka.

Nilisogea mlangoni nikamtazama. Picha ikiwa giza, mkono wake ulibaki hewani, vidole vinapapasa. Picha ikirudi, mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye kijiwe. Nikaangalia mara tano. Mara sita. Haikukosea hata moja.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wa barazani wasipopajua. Nilielewa. Ningeweza kuchomoa waya. Lakini nilikuwa nimekwisha kuunga kisanduku changu cha kukishinda kile kizuizi, nyaya nne na vipuri vya redio mbovu, kilichobaki ni tone moja la risasi ya kulehemu. Mtu aliyekaribia kushinda ni mbaya kuliko mlevi. Nikachovya risasi, nikashikiza.

Picha ikatulia. Safi. Angavu.

Nje, kimya.

"Mjomba, washa," Nunu alinong'ona.

"Subiri mkanda uishe," nikasema.

Ulichukua saa mbili na nusu. Alikaa pale pale na vijiwe vyake mapajani, wala hakulia. Nakala ile ya kwanza niliitia mfukoni mwa koti, iwe ushahidi wa kazi yangu. Nikaanza ya pili, ya Ghalibu.

Mama yake ndiye aliyegundua. Alirudi na kilo moja ya sukari, akamnyooshea mtoto kipande cha muhogo, mtoto hakukiona. Sukari yote ilimwagika. Ghalibu alipoingia alichomoa mkanda na nakala, akambeba mtoto, akakimbia kwa Bibi Khole. Nami nikafuata, koti likiwa begani.

Bibi hakugomba. Aliiweka nakala chini ya kigoda, akachota maji katika bakuli, akamwosha Nunu uso. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Macho yalikuwa wazi na hayakuona kitu.

"Mmetoa ngapi?"

"Moja, Bibi. Wallahi moja," Ghalibu alilia.

"Bado ipo nyingine. Zirudi zote, ndipo nitamfungua."

Kisha akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu sana. Nilikuwa na nafasi ya kuingiza mkono kwenye koti. Niliona haya. Ningesemaje mbele ya baba mtu, kwamba nilijua na nikaendelea? Nikainama, nikatazama miguu yangu.

Ghalibu alizunguka Tabora nzima akitafuta nakala isiyokuwepo kwa mtu yeyote ila jirani yake. Alifika mpaka Isikizya. Nilimsindikiza. Masika hayajaisha, Bibi Khole akafa, na ufunguo ukazikwa naye.

Wiki mbili baada ya maziko nilijifungia ndani, mchana, nikaucheza ule mkanda wa nakala, kwenye televisheni na deki kuukuu nilizojipatia. Ilikuwa filamu ya kawaida tu. Kesho yake nikakutana na Nunu ameshikwa mkono na mama yake.

"Shikamoo, mjomba Raymundi."

"Marahaba."

Alingoja mama yake aanze kuongea na mwenye genge. Kisha akanisogelea.

"Jana nilikuona," akanong'ona. "Shati lako lina kifungo kimoja cheusi. Ulikuwa unalia."

Nilikuwa mbele ya kioo, peke yangu, mlango nimeutia komeo.

"Nitauchoma, mwanangu. Leo hii."

Alinikamata mkono kwa nguvu. "Usiuchome, mjomba. Ukiuwasha ndipo naona. Hakuna kwingine."

Nunu sasa ni mtu mzima, na nywele zimeanza mvi. Hajamwambia mtu. Kila Ijumaa alasiri nafunga mlango na kuwasha. Nakaa mbele, sisogei, ili apate cha kuona. Sura yangu tu, inayozeeka.

Kwenye kioo kuna alama za vidole vitano, vya mtoto wa miaka saba. Nimezisugua kwa spiriti miaka yote hii. Ziko upande wa ndani.