Bibi Harusi wa Kila Mstari

Siku hiyo duka la kukodisha nguo za harusi lilikuwa limefurika. Wasichana wanagombea kioo, mama zao wanagombea viti, na waume watarajiwa wamejibanza ukutani kama watu waliokuja kung'olewa meno. Akaingia kijana mmoja mrefu, shati la samawati limenyooshwa kwa pasi, begi la kompyuta begani. Hajafungua mdomo, utepe wa kupimia umeshamzunguka kifua.

"Nyanyua mikono, bwana harusi," alisema msichana wa dukani, gauni la njano, pini kazibana kwa midomo. Walimwita Sindano, na si kwa wembamba tu. Ulimi wake nao ulichoma.

"Dada, mimi si bwana harusi."

"Wote husema hivyo wakifika hapa. Pumua. Usiingize tumbo ndani, nimeshaliona."

"Nimekuja kuweka programu! Nimeitwa na mwenye duka."

Sindano akazitema pini. Kipimo alikuwa ameshachukua, na nawaambia ukweli, alikichukua polepole kuliko ilivyohitajika.

Mwenye duka alikuwa shangazi yake Sindano. Alitaka wateja wote waingizwe kwenye kompyuta, basi yule kijana, ambaye dukani walimwita Fundi, akawa anakuja kila siku. Programu yenyewe haikuwa kubwa kiasi hicho, lakini nani angemwambia? Alimkalisha Sindano mbele ya kompyuta, yeye akasimama nyuma ya kiti, ananukia sabuni.

"Hili ni jedwali. Kila mteja ana mstari wake: jina, nguo, tarehe. Nimeliunganisha na hiki kisanduku cha picha pembeni. Ukibofya mstari, picha inakuja."

"Yenyewe? Bila kuitwa?"

"Yenyewe. Huyu akienda, mwenzake anamfuata."

"Kama wewe na kiti changu."

Duka lilikuwa na kanuni yake. Mwanamume akikodi suti ya harusi, kwenye mstari wake huwekwa picha ya mchumba, ili tai ilingane na gauni. Shangazi aliitunga baada ya bwana harusi mmoja kutokea na tai ya kijani kando ya gauni la waridi. Mpaka leo akikumbuka hushika kichwa.

Jioni simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Haya, kata simu."

"Kata wewe."

"Wewe kwanza."

Hakukata mtu. Nanyi mnaosoma msijifanye hamjui.

Siku moja Sindano alipokuwa amepeleka gauni kwa mteja, Fundi alikodi suti nyeusi. Mdogo wake alikuwa anaoa Jumamosi, naye ndiye msimamizi. Alitaka kumwalika Sindano kwa mdomo wake mwenyewe, akamwonyeshe kwa mama yake, basi akamwomba Shangazi anyamaze. Shangazi akanyamaza kwa mara ya kwanza maishani, na akaichagua siku mbaya.

Sindano aliporudi alifungua jedwali akaanza kushuka nalo. Mstari mmoja: bibi harusi mwenye mwanya, gauni la lulu, anacheka. Mstari unaofuata: Fundi. Suti nyeusi. Jumamosi. Na pembeni yule yule mwenye mwanya, anacheka.

Simu ikaita.

"Mpenzi, Jumamosi nina jambo nataka..."

"Hongera, bwana harusi."

"Bwana harusi nani tena?"

"Kamuulize mwenye mwanya!"

Safari hii alikata kweli. Akafuta machozi, akaichukua suruali ya ile suti, iliyokuwa bado dukani, akatia uzi kwenye sindano, akaishona miguu yote miwili huko chini ikafungika. Mishono mizuri, midogo midogo. Akaikunja, na Fundi alipoijia suti, Shangazi akamkabidhi.

Jumamosi asubuhi Sindano alikuwa ameanza tena kujitesa. Anabofya mwenye mwanya, anashuka kwa Fundi, anavuta kamasi. Akaingia mzee mmoja na mkewe, anataka koti la kwenda harusi ya mjukuu. Sindano akamwandikia mstari. Bibi akavaa miwani.

"Mume wangu, huyu mwenye mwanya ni nani?"

"Simjui!"

"Humjui, na yuko kwenye mstari wako?"

"Mke wangu, mimi hata kuinama kufunga viatu siwezi!"

Mkoba ukampata begani. Sindano akakodoa macho. Akambofya mpiga tarumbeta aliyekodi kofia: mwenye mwanya. Akambofya dereva wa gari la maharusi aliyekodi glavu: mwenye mwanya.

"Jamani," akasema, "huyu dada kaolewa na mji mzima?"

Simu ikaita.

"Sindano, usikate. Nimo ndani ya suruali na miguu haitokei."

"Njoo mbio!"

Alikuja. Juu koti jeusi na tai, chini bukta ya kuchezea mpira, suruali kwapani. Duka zima likapasuka kwa kicheko. Sindano akaipokea suruali akaanza kufumua, Fundi akainamia kompyuta.

"Kosa langu," alisema. "Mstari wenye picha, nilikiambia kisanduku kiionyeshe. Mstari usio na picha, sikukiambia kitu. Kwa hiyo kinabaki kimeng'ang'ania ile ya mwisho."

"Na suti?"

"Namsimamia mdogo wangu. Nilitaka uje nami, mama akuone."

"Ungesema!"

"Ulinipa nafasi?"

Akaandika maneno machache, akabofya mstari wake. Kisanduku kikawa cheupe. Akambofya mzee: cheupe.

"Bora hivyo," alisema bibi, akampangusa mumewe pale bega lilipopigwa.

Kisha Fundi akafungua mstari mpya. Akaandika jina lake. Nguo: suti ya bwana harusi. Akamgeukia Sindano na simu mkononi.

"Kanuni ya shangazi yako inataka picha ya mchumba. Tabasamu."

"Na nywele hizi? Na nyuzi mdomoni?"

"Na nyuzi mdomoni."

Akapiga. Picha ikatua kwenye kisanduku. Alipotaka kuhifadhi, programu ikagoma: tarehe ya harusi haijajazwa.

"Nani aliiandika igome hivyo?"

"Mimi. Jaza wewe."

Sindano alitazama chini, akaandika tarehe ya mwezi ujao. Shangazi akachungulia: "Mbona mbali?"

Fundi akapiga ukelele wa furaha, akaitazama saa, akashtuka, akatoka mbio. Hakufika mbali, simu yake ikaita.

"Mpenzi, umeacha nini?"

"Moyo wangu."

"Na suruali. Simama, niko nyuma yako."

Basi hivyo ndivyo mama mtu alivyomwona mkwewe kwa mara ya kwanza, pale mlangoni pa ukumbi: gauni la njano, anahema, kashika suruali ya mwanawe.