Hatua za Saa Nne Asubuhi

Ijumaa ile Soko la Samaki la Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, lilikuwa limefurika. Watu walisukumana kati ya meza za jibini na ndoo za maua, baiskeli zikapenya pasipopenyeka, na harufu ya samaki wa kukaanga ikatanda hadi mlangoni mwa kanisa. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Hilje Wiersema, koti la mvua la njano mwilini, nywele zimelowa chapachapa, akinadi kitu ambacho hakuna aliyekuja kukinunua.

"Ruka hapa! Ruka uone ardhi inavyokusikia!"

Mbele yake palikuwa na ubao mpana uliofungwa kifaa chini yake, na kando skrini yenye mstari mwembamba wa kijani. Mtu akiruka, mstari unashtuka. Hilje alifanya kazi kwenye kituo cha kufuatilia matetemeko ya ardhi ya mkoa. Siku nne za wiki alikaa akisoma mistari kama hiyo, ya tano alitoka kuzungumza na watu. Na watu wenyewe walikuwa wamechoka. Gesi ilichimbwa chini ya miguu yao miaka nenda miaka rudi, nyumba zikapata nyufa, kisha visima vikafungwa, na ardhi haikujali kwamba vimefungwa. Iliendelea kutikisika.

"Moi," mtu akamsalimia.

Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu, vidole vyeusi kwa grisi, mkononi kababu ya yai inayotoa moshi.

"Nikiuvunja ubao wako je?"

"Utakuwa wa kwanza. Wiki iliyopita karuka mchinjaji na haukuvunjika."

Akaruka mara tatu. Ubao ukatikisika, mstari ukapanda vilima vitatu.

"Cha kwanza changu," akasema, akionyesha kwa kababu. "Cha pili cha ng'ombe wote wa mkoa huu. Cha tatu cha wewe kucheka, maana nimekutazama nusu saa, unawaita watu kama mwalimu wa hesabu."

Hilje akacheka kabla hajajizuia. Kisha, kwa kuwa alikuwa na aibu na hakujua aifiche wapi, akauliza jambo la kazi: "Nyumbani kwako chini ni mbao au saruji?"

"Dada, tumejuana dakika mbili! Unaanza na sakafu?"

"Natafuta nyumba za kufunga vifaa. Watu wanajitolea."

"Basi nimejitolea. Reint Oosterhof, fundi baiskeli, naishi peke yangu mtaa wa Oosterpark. Njoo kesho na bisibisi."

Akaja na bisibisi, na lipstiki ambayo hakuwa ameipaka tangu Krismasi. Alikifunga kifaa chini kabisa ya ukuta wa ukumbini, kisanduku cheupe kinachotosha kiganjani, na huku amepiga magoti akatoa ahadi aliyompa kila mwenye nyumba: "Hakina jicho. Mistari yenu haifunguliwi na mtu mpaka ardhi itetemeke. Hatuchungulii maisha ya mtu."

"Hata nikicheza peke yangu jikoni?"

"Hiyo siri yako na jikoni lako."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na yalikwenda mbio. Walikula supu ya haradali wakigombea mkate. Waliendesha baiskeli mvuani, Reint mbele akiukata upepo, Hilje nyuma akimsifia mgongo. Kila mchana simu ililia.

"Vipi, bibi wa ardhi, leo imetulia?"

"Imetulia. Wewe umetulia?"

"Mimi? Tangu soko lile sijatulia hata kidogo."

Hilje alitabasamu mezani kama mtu aliyepewa zawadi na hataki wenzake waione. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na moyo wake, uliokuwa umekaa kimya muda mrefu, sasa ulikuwa hautulii.

Kisha, mwezi wa Machi, Reint akabadilika. Alimpenda vilevile, lakini mlango wa nyumba yake ukafungwa.

"Nije Jumamosi?" Hilje aliuliza simuni.

"Tukutane mjini, mpenzi. Nyumba iko ovyo."

"Nimeiona ikiwa ovyo. Kuna siku nilikuta mnyororo wa baiskeli kwenye sufuria."

"Sasa imezidi."

Jumamosi ikapita, na nyingine, na ya tatu. Hilje akaanza kulala vibaya. Jumatatu, saa nne asubuhi, amekaa mbele ya skrini na kahawa inayopoa, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliufungua mstari wa nyumba ya Reint.

Saa hiyo Reint yuko kazini. Mstari ulipaswa kunyooka. Haukunyooka. Kulikuwa na hatua, nyepesi, nyepesi, halafu pigo moja kavu. Nyepesi, nyepesi, ngo. Zikaenda mpaka jikoni, zikarudi. Mtu mwepesi, akajiambia, mwanamke, viatu vya kisigino. Anatembea kama yuko kwake.

Alitazama tena Jumanne, akatazama Jumatano. Hatua zilikuwepo vilevile, saa nne kwa saa nne. Siku ya tatu alimpigia.

"Reint, nani yuko nyumbani kwako?"

"Hakuna mtu."

"Usinidanganye."

"Nimekwambia hakuna mtu. Mbona sauti hiyo?"

"Kuna mwanamke anatembea ukumbini kwako na viatu vya kisigino, saa hii, sasa hivi, na wewe unaniambia hakuna mtu!"

Kwa nyuma, karakanani, gurudumu la baiskeli lilikuwa likizunguka, likapunguza mwendo, likasimama.

"Umejuaje?" Reint akauliza polepole.

Hapo ndipo Hilje alipoelewa alichokisema.

"Umenichungulia," akasema Reint. "Ulipiga magoti kwenye ukuta wangu ukaniambia hakina jicho. Kumbe jicho ni wewe."

"Mwanamke ni nani?"

"Ungeniuliza jana, usoni, ningekujibu. Leo sikujibu."

Baada ya robo saa mstari wa Oosterpark ulikatika. Reint karudi nyumbani kaing'oa waya. Hilje alibaki akiutazama mstari mnyoofu, akalia hapohapo kazini, na mwenzake alipomuuliza akasema ni mafua.

Wiki mbili zilipita hivyo. Alichukua simu, akaiweka. Alipita mara nne mbele ya karakana ya baiskeli, mara zote upande wa pili wa barabara. Alikuwa amekasirika kwa kudanganywa, na kila alipokasirika alikumbuka kwamba na yeye kavunja ahadi, basi hasira ikakosa pa kushika. Jambo moja lilimkosesha raha kuliko yote: nyumba arobaini na moja za mji huu zilikuwa na kisanduku cheupe ukutani kwa neno lake yeye.

Alhamisi mchana ardhi ikatetemeka. Tetemeko halikuwa kubwa, ila vikombe viligonga kabatini, mbwa wakabweka, na kitovu chake kilikuwa kaskazini, karibu na kijiji cha Stedum. Simu za kituo zikalia mpaka jioni. Jumamosi asubuhi ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa mtaa wa Oosterpark, na Hilje ndiye aliyetumwa kuzungumza.

Ukumbi ulijaa. Kahawa ilikuwa nyepesi, keki ya tangawizi ngumu, nyuso zimenuna. Hilje, suruali nyeusi na sweta ya kijani aliyoipenda Reint, alieleza ramani yake akijibu maswali. Ndipo akamwona, amesimama nyuma karibu na makoti, mikono kifuani. Reint. Hilje akapoteza sentensi aliyokuwa ameianza.

Wakati huohuo mtu aliinuka safu ya katikati akaja mbele apate kusikika. Hilje alisikia kabla hajaona. Nyepesi, nyepesi, ngo. Nyepesi, nyepesi, ngo.

Alikuwa bibi mdogo wa mwili, nywele nyeupe zimebanwa vizuri, koti la buluu lililopigwa pasi, na mkongojo mzito wa mbao. Mwanamke gani, Hilje akajiuliza, mwanamke gani duniani huvaa kisigino mguu mmoja? Miaka tisa anasoma mistari, na huu umemshinda kwa wivu.

"Naitwa Aaltje Oosterhof," bibi akasema. "Natoka Stedum. Ukuta wa nyuma wa nyumba yangu umeachana na nyumba, basi tangu Machi nimehamia kwa mwanangu. Nilimwapisha asimwambie mtu, hasa mtu wa ofisi zenu. Nyumba ikijulikana ni tupu, mtakuja kuibomoa, na mimi niliolewa mle ndani. Sasa nimechoka kujificha, na nina swali, binti. Kile kisanduku cha ukutani. Mnatuona au hamtuoni?"

Jibu la karatasi Hilje alikuwa nalo, alikwisha kulisema mara arobaini na moja. Angelisema tena, watu wangenywa kahawa wakaenda zao, na kazi yake ingebaki salama. Reint angeondoka na koti lake. Nyuma kabisa alimwona ameinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri kusikia uongo.

"Wenzangu hawawaoni," Hilje akasema. "Mimi niliona. Niliufungua mstari wa nyumba ya mtu mmoja, siku tatu, hakukuwa na tetemeko lolote. Nilikuwa na wivu. Nikaona hatua zako, mama, na mkongojo wako, nikamtuhumu mtu aliyenipenda. Niliwaahidi jambo nikalivunja. Anayetaka kung'oa kisanduku leo ana haki, nitakuja mwenyewe na bisibisi."

Kelele ikapanda. Mzee mmoja akasema yeye anang'oa cha kwake leo hii. Mwingine akasema aibu. Mama Aaltje akagonga mkongojo sakafuni mara moja, wakanyamaza.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nawauliza watu wa makampuni na wa ofisi kwa nini nyumba yangu inapasuka. Wote walikuwa na suti nzuri. Mmoja akasema rangi mbovu. Mwingine akasema miti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele yangu akasema: nimekosa." Akamtazama Hilje juu hadi chini. "Si mbaya sana."

Kwetu Groningen hakuna sifa inayozidi hiyo. Hilje aliijua, na machozi yakamtoka mbele za watu. Alipoinua uso, pale kwenye makoti hapakuwa na mtu.

Nyumba sita ziling'oa visanduku. Hilje alivifungua mwenyewe, kimoja kimoja, akiomba radhi kila mlango. Kituo kilimpa barua ya onyo kikamwondoa kwenye nyumba za watu. Akabaki na vifaa vya mashambani, vinavyosikia ng'ombe. Alisema sawa. Kila simu ilipolia aliruka, na kila mara haikuwa Reint.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, ikawa yeye.

"Moi," akasema Reint.

"Moi."

"Nimechomeka waya. Fungua mstari wetu."

"Siruhusiwi, Reint. Na hata ningeruhusiwa, sifungui tena."

"Mwite aliyeruhusiwa. Mwenye nyumba anaomba kutazamwa, na mama yake pia. Tumeandika na barua, mama kaitia saini kwa hasira."

Hilje alimwita mwenzake, ambaye alifungua, akasogea pembeni akijifanya anatafuta kalamu. Mstari wa Oosterpark ulikuwa hai. Ukapanda kilima, cha pili, cha tatu. Kisha, kando kidogo, ngo moja kavu.

"Huyo mama," Reint akasema, akihema. "Amesema haruki kwa ajili ya mtu yeyote. Sikiliza. Na mimi nilikudanganya. Ningekwambia mapema, mama angenichapa kwa ule mkongojo, basi, yangeisha."

"Kwa nini uliondoka ukumbini?"

"Nilikuwa nalia, Hilje. Fundi baiskeli, mbele ya majirani wote. Ningewatengenezeaje breki kesho yake?"

Reint akacheka, na Hilje akalia, na mwenzake akazidi kutafuta kalamu.

"Sasa tazama tena huo mstari," Reint akasema, sauti imeshuka. "Kuna miguu yangu, kuna ya mama. Mimi naona kuna pengo. Wewe ndiye mtaalamu, unaona nini?"

Kwa nyuma sauti ya bibi ikapenya: "Muulize vizuri, wewe! Mwambie unataka kumwoa, usimzungushie mistari!"

"Nataka kukuoa," akasema Reint.

Hilje alikuwa amekwishasimama, koti la njano mkono mmoja, simu mkono mwingine. "Usisogee hapo ukutani," akamwambia. "Nakuja."

Mwenzake, aliyesahau kuufunga ule mstari, aliona dakika kumi na mbili baadaye hatua mpya zikiingia kwa mbio toka mlangoni, zikasimama mbele ya zile nzito. Akanyoosha mkono, akaufunga.