Zulia la Mama Mkwe

Wa kwanza kumwambia alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, naye alimwambia akiwa mlangoni, kabla hata ya kuvua viatu.

"Mtoto huyu ana mwenzake," alisema. "Mtazame shingo."

Mama mtoto alimtazama. Alikuwa akimtazama tangu alfajiri, huku amembeba, huku anafua, huku anasinzia na sahani mkononi. Kabibi alikuwa na miezi tisa, na tangu vipele vianze hakuna aliyelala vizuri katika nyumba ile. Vilikuwa vyekundu, vimejipanga shingoni na mgongoni kana kwamba mtu amepitisha kidole.

"Nadhani ni kunguni," alijibu kwa sauti ndogo.

"Umeona damu kwenye shuka?"

Hakuwa ameona. Alikuwa amegeuza godoro na kuchungulia mishono yote, asipate kunguni hata mmoja.

"Basi ni jini. Amempenda mtoto. Jumamosi nikirudi nikikuta hali ni hii hii, namchukua akakae kwangu. Nimeshaongea na mdogo wangu, amekubali."

Mdogo wake, yaani mume, alikuwa dereva wa lori, na akiwa safarini alikubali lolote ili simu ikatwe. Mama mtoto hakubisha. Hakuwa mtu wa kubisha. Ila mikono yake ilimkaza mtoto mpaka mtoto akalia.

Nyumba ilikuwa ya marehemu mama mkwe, na sebule ilitandikwa zulia lake la sufu, zito, jekundu lililofifia. Mama mkwe alikuwa na mahali pake katikati ya zulia. Aliketi pale kutwa, miguu ameinyoosha kuelekea mlango wa chumbani, akijipaka magoti mafuta ya nazi. Tangu azikwe, hakuna aliyekaa pale. Hakuna aliyekataza, watu walizunguka tu. Hata ufagio ulizunguka.

Siku zile mama mtoto alianza kusikia kitu mchana, mtoto akiwa amelala na mtaa umetulia. Ilikuwa sauti ya kisigino kikiburutwa juu ya sufu, taratibu, kama mtu aliyechoka kukaa upande mmoja akajiweka sawa. Akichungulia sebuleni, hakuna kitu. Ni harufu tu ya mafuta ya nazi yaliyokaa sana. Alijiambia ni uchovu. Uchovu ulikuwa umemfanyia mengi. Juzi alitia chumvi kwenye uji wa mtoto na kuilaza sukari kabatini pamoja na nepi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwa uchovu. Kila asubuhi, akifagia kando ya ukuta na chini ya kochi, alizoa viganda vyepesi vya kahawia, vyenye vinyweleo, vitupu ndani. Kesho yake vilikuwepo tena. Wifi alipoviona mara ya kwanza alisema ni kucha za jini. Shali ya sufu ya Kabibi ilikuwa na matundu, mto wa manyoya ya kuku ulikuwa unavuja, lakini kanga zilizokunjwa pamoja navyo zilikuwa nzima. Na dirishani, upande wa ndani wa kioo, walikufa vidudu vya mviringo, vidogo kuliko punje ya mtama, migongo yao ina madoa meupe na ya kahawia.

Siku moja kiganda kimoja kilitembea.

Alikifunika kwa glasi. Kilikuwa kiwavi kidogo chenye manyoya, mnene nyuma kuliko mbele. Akatafuta vingine vitatu, akavitia kwenye chupa ya jemu pamoja na kipande cha shali na kipande cha kanga, akatoboa kifuniko, akaificha chupa kabatini kama mwizi.

Jumamosi wifi alikuja na mfuko mtupu wa kutilia nguo za mtoto, tayari kumbeba. Alimkuta mgeni uani: mfua mazulia wa mtaa wa pili, aliyeitwa Povu kwa sababu ya sabuni, na pia kwa sababu ya maneno.

"Huyu wa nini?" wifi aliuliza.

Mama mtoto alimpa chupa. Kipande cha shali kilibaki nyuzi. Kanga haikuguswa.

"Wanakula sufu na manyoya tu, wifi. Vinyweleo vyao ndivyo vinavyomwasha mtoto. Wako zuliani." Akaigonga chupa kwa kidole. "Jini gani anachagua chakula hivi?"

Wifi aliigeuza chupa mwangani, kisha akaguna kidogo. "Kama mdogo wangu alivyokuwa. Maharage hataki, dagaa hataki."

"Zulia la mama halijawahi kuguswa," aliongeza, lakini alikuwa ameshavua viatu.

Walilivuta watu watatu mpaka uani, Kabibi akiwa mgongoni mwa mama yake, wakalipindua juani. Upande wa chini ulikuwa chekeche. Viwavi walikimbia mwanga, viganda vikaruka kama pumba.

"Hawa ni wavivu wenye akili," Povu alisema, akipiga magoti. "Wakikomaa hurukia dirishani, lakini wachanga hawa hutafuta pasipoguswa. Chini ya kabati, chini ya kochi, mahali ambapo hapafagiliwi. Panapokaliwa kila siku hawakai, wanasumbuliwa." Alikuwa akisogea kuelekea katikati huku mkono ukipapasa, na maneno yakaanza kumpungua. Kisha akauliza, "Hapa anakaa nani?"

Walitazama. Katikati ya matundu yale yote palibaki sehemu moja nzima, sufu nene isiyo na alama ya jino hata moja, pana upande mmoja kama makalio ya mtu mzima, kisha ikagawanyika ikaenda mbele kwa mistari miwili mirefu, sambamba, ikaishia kwenye visigino viwili ambavyo, zulia likiwa sebuleni, vilitazama mlango wa chumba anamolala mtoto.

"Hakai mtu," mama mtoto alisema. "Tangu mwaka jana."

"Anakaa," alisema Povu, na tangu hapo hakusema tena mpaka alipomaliza kulipakia zulia kwenye mkokoteni.

Wifi alimshika mama mtoto kiwiko. "Nipe mtoto. Nipe sasa hivi."

"Vipele ni vya vidudu, na vidudu vimeondoka. Mtoto habanduki."

"Na huyo mwingine?"

"Huyo si mama yako? Alikuwa anamlinda."

Wifi alimsogelea sikioni. "Mama alikufa kabla mtoto huyu hajazaliwa," alinong'ona. "Una hakika gani kuwa ni mama?"

Mama mtoto hakumpa, na wifi akaondoka na mfuko wake mtupu. Mama mtoto aliosha sakafu kwa maji ya moto, akafua kila kitu cha sufu, akafuta dirisha, na kila alipopita katikati ya sebule, ingawa sasa palikuwa saruji tupu isiyo na alama yoyote, miguu yake ilizunguka yenyewe, na mtoto mgongoni akageuza kichwa kutazama pale walipopita, akakigeuza tena waliporudi, kama anayemfuata mtu kwa macho, mpaka jua likazama.

Asubuhi iliyofuata vipele vya Kabibi vilikuwa vimeanza kunywea, lakini alikuwa bado analia, na mama yake hakuwa na nguvu hata ya kuogopa. Alichukua mkeka, akautandika palepale katikati, akaketi na mtoto mapajani, akanyoosha miguu.

"Mama," alisema, "sogea kidogo."

Alisikia kisigino kikiburutwa. Mkeka chini yake ulikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Kabibi akanyamaza, akapumua kwa kina, akalala. Naye mama yake akaegemea nyuma, macho yakajifumba, na alikuwa karibu amezama usingizini alipokumbuka kwamba katikati ya sebule ile hapakuwa na ukuta wala kiti cha kuegemea.

Hakuinuka. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala.