Filta Niliyoifua kwa Sabuni

Nina umri wa miaka arobaini na nne, mume wa mtu na baba wa watoto watatu. Ni fundi wa vifaa tiba. Kwetu ni Singida, lakini nilipangiwa kazi Kigoma miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kwa mamia. Haya ninayoyaandika, hata mke wangu atayasoma kwa mara ya kwanza kama nyinyi... Mungu anisaidie.

Kituo chetu cha afya kilikuwa ufukweni, nje kidogo ya mji, na kilihudumia wakimbizi na wenyeji. Wodi ya wazazi ilikuwa na mashine moja tu ya kufyonza, wenyewe tuliiita saksheni. Mtoto akizaliwa amemeza maji, hapumui, mkunga humfyonza kwa mpira na uchafu wote huingia kwenye chupa ya mashine. Kati ya chupa na mota hukaa kitu kidogo cheupe, duara, kama kifuniko cha soda. Hiyo ndiyo filta. Ni plastiki yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa inapita, maji hayapiti.

Kwa nini hayapiti? Hilo nililijua vizuri, ndiyo maana sina pa kuuweka uso wangu! Chuoni mwalimu alitueleza kwamba kiwandani plastiki ile huwekwa kwenye chombo kilichoondolewa hewa, kikaingizwa gesi kidogo na kupigwa umeme mpaka gesi ikang'aa kama taa ya tyubu. Gesi ya namna hiyo huitwa plazma, si ile ya damu. Huacha utando mwembamba mno hadi ndani ya vitundu, na utando huo ndio unaoyakataa maji. Mwalimu alidondosha tone la maji juu ya filta, likabingirika kama juu ya jani la gimbi. Kisha akatuonya tusiifue kamwe, kwani sabuni ikibaki kwenye vitundu, maji yatapita. Niliandika kwenye daftari. Niliandika!

Basi filta zikaisha. Niliagiza, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya tano... Mganga mfawidhi alikuwa na mazoea ya kunisifia mbele ya watu kwamba fundi wake hashindwi na kitu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nikakusanya filta kuukuu sita, nikaziloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikazianika dirishani. Zilitoka nyeupe kuliko mpya! Nikapuliza moja, hewa ikapita. Nikasema kazi imekwisha. Tone moja la maji lingenionyesha ukweli. Sikulidondosha.

Mkunga wetu hodari aliitwa Konsolata, Mrundi, mkimbizi aliyejitolea kufanya kazi pale. Nilipougua malaria yeye ndiye aliyenikorogea uji. Nyumba yake ilibaki Burundi, na ndugu zake sijui wapi. Alikuwa akisema, "Nikishika mtoto, kaka Fundi, nasahau kama mimi ni mkimbizi." Kazi ile ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho.

Asubuhi moja mtoto alizaliwa amekuwa wa bluu. Konsolata akawasha saksheni. Ikafyonza kidogo, ikakoroma, ikanyamaza. Povu na maji yaliyoruka kutoka kwenye chupa yalikuwa yamepita kwenye filta yangu na kuingia kwenye mota! "Mana yanje!" alilia Konsolata kwa Kirundi, yaani Mungu wangu. Akauchomoa mpira, akautia kinywani mwake, akamfyonza mtoto kwa pumzi yake mwenyewe. Mtoto akalia. Sote tukalia.

Mganga mfawidhi alitaka maelezo kwa maandishi. Kwa kawaida mota hufa hivyo mkunga akiiacha chupa ijae mpaka maji yaishinde filta. Chupa ile haikufika hata nusu, niliiona kwa macho yangu. Lakini niliandika kwamba mkunga aliiacha ikajaa... kwa mkono huu huu.

"Kaka Fundi, wewe ulikuwepo," Konsolata aliniambia. "Chupa haikujaa. Waambie." Nilitazama sakafu. Nikamjibu kwamba ripoti imeshakwenda. Siku hiyo hiyo akaachishwa kazi, na kesho yake akapakiwa kwenye lori la kwenda kambini.

Nikafunga mota ya mashine mbovu ya zamani. Na filta je? Zilibaki tano, zote za kufuliwa. Kuzitupa kungekuwa kukiri. Nikafunga nyingine, huku nikijidanganya kwamba hii niliisuuza vizuri zaidi. Jamani, nilijua!

Mwezi haukuisha. Akaja mama mmoja, muuza dagaa wa Katonga, kwenye soko la samaki la ufukweni, mimba yake ya kwanza baada ya miaka mingi ya kusubiri. Mtoto alikuwa wa kiume. Mashine ikakoroma vile vile, ikanyamaza. Safari hii Konsolata hakuwepo. Muuguzi mgeni alihangaika na mpira mpaka basi tena... Nilisimama mlangoni na bisibisi mkononi. Kwa kuwa nilivaa koti jeupe, mama yule aliniuliza, "Daktari, mbona halii?"

Niligeuka nikaondoka.

Filta zilizobaki nilizichoma moto, na mota nikasingizia iliunguzwa na umeme. Tangu siku hiyo sili dagaa. Mke wangu anadhani zinanidhuru tumbo.

Mwaka jana nilitumwa kambini kukarabati vifaa. Nikamkuta Konsolata akipanga nyanya kwenye gunia. Kwa sababu ya ripoti yangu, hakuna aliyemruhusu tena kuzalisha. Nilipiga magoti, nikasema yote. Hakushangaa.

"Nilijua, kaka. Nilipoifungua ile filta ilinuka sabuni. Nikangoja useme mwenyewe. Yule mtoto alilia, mimi nilikusamehe zamani."

Ndipo nikamweleza kuhusu mtoto wa pili. Nyanya ikamdondoka.

"Huyo mama anajua?"

"Hajui."

"Basi si kwangu ulikopaswa kuja." Akazirudia nyanya zake, hakunitazama tena.

Nimekwisha kuandika barua kwa wakubwa wangu kulisafisha jina la Konsolata. Wakinifukuza, wanifukuze. Wiki iliyopita nilikwenda Katonga. Mama yule yupo, nywele zimeanza mvi. Aliniambia, "Karibu, za leo hizi," akanikunjia gazeti la kufungia dagaa. Nikaondoka tena, kama siku ile!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukikosea, sema saa hiyo hiyo, kabla kosa halijapata mtu wa kulibeba. Mimi nilimbebesha dada yangu Konsolata, na ili uongo ule usimame, ikanibidi nirudie kosa lenyewe. Kama ningezitupa filta zile tano, yule mtoto leo angekuwa anakwenda shule.

Mtakapokuwa mnasoma haya nitakuwa nimerudi Katonga. Mama yule aliniuliza swali, na jibu ninalo mimi peke yangu. Safari hii nitamjibu.