Nafasi Tupu Katika Daftari la Mto

Sikuviangalia viatu vyake. Wiki nzima ya mvua kubwa rafiki yangu, tuliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake, aliingia darasani na viatu safi. Nilikaa naye dawati moja, wala sikujiuliza alipitaje kwenye tope la mtoni.

Tulikuwa darasa la sita. Shangazi yangu, mhandisi wa ujenzi, alikuwa ng'ambo akisomea madaraja ili arudi atujengee letu. Mto ulitutenga na zahanati, na kila masika wagonjwa walivushwa kwa kubahatisha. Kabla ya kuondoka, shangazi alisimamisha ukingoni nguzo yenye mistari ya sentimita, akatukabidhi daftari.

"Kila asubuhi someni maji yamefika wapi," alisema. "Kimo cha daraja kitatokana na namba zenu."

Mimi na Chiriku tuligawana zamu, wiki kwa wiki. Kila Jumapili shangazi alipiga simu kwa mama, nami nikamsomea namba.

Jumatatu moja zamu ilirudi kwangu. Nilitelemka hadi ukingoni, nikakuta nguzo haipo. Dobi alikuwa akisuuza mashuka yake hapo karibu.

"Unatafuta ile nguzo ya shangazi yako?" aliuliza. "Ilichukuliwa na maji Alhamisi. Kwani mlikuwa wapi ninyi?"

Nilifungua daftari. Ijumaa, 142. Jumamosi, 144. Jumapili, 146. Mwandiko ulikuwa mzuri, hauna hata doa. Namba hizo nilikuwa nimemsomea shangazi jana yake, kwa sauti yangu mwenyewe.

Nilimkuta Chiriku kwenye lango la shule.

"Ijumaa ulisomea wapi?"

"Si mtoni?"

"Nguzo ilikwisha kwenda na maji."

Alicheka. "Sentimita mbili tatu tu, mhandisi mdogo. Mto utanishtaki?"

"Na zile wiki nyingine?"

"Siku za jua nilikwenda. Za mvua nilikadiria. Usimwambie shangazi yako, bwana. Mimi si rafiki yako?"

Swali hilo ndilo lililonichoma. Nisingemwachia daftari mtu mwingine yeyote.

Siku nzima sikusikia alichofundisha mwalimu. Shangazi alikuwa awasilishe mchoro wake Jumatano. Kama ningenyamaza, angefaulu, na kwa namba hizo daraja lingeweza kujengwa chini ya kimo cha mafuriko. Jioni nilimweleza mama. Alipiga simu, akanipa.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. "Mchoro nitauondoa," alisema.

"Si tufute hizo siku tatu tu, shangazi?"

"Sijui siku zipi ni za kweli, mwanangu. Wiki zake zote zinatoka." Kisha akauliza polepole, "Na wewe, kuna siku uliyobuni?"

"Hakuna."

"Nataka kukuamini. Leo inaniwia vigumu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake Chiriku alikuja nyumbani mwenyewe, macho yamemvimba. Mama aliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Ungeacha nafasi tupu nisingekasirika," shangazi alimwambia. "Nafasi tupu inanionya kwamba sijui, nami nitasubiri. Namba ya kubuni inanidanganya kwamba najua. Nitajenga juu yake, na siku moja mgonjwa atapita hapo akiamini ni salama. Kazi ya kweli huanza na mtu kukubali kusema, sikufanya."

"Nisamehe, shangazi," alisema Chiriku.

"Nimekusamehe. Masika yajayo mtapima upya."

Masomo ya shangazi yalirefushwa kwa mwaka mmoja. Seremala alisimamisha nguzo mpya. Mimi na Chiriku tulikwenda kuisoma pamoja kila asubuhi, tukizungumza kidogo kuliko zamani, na siku tuliyoshindwa kufika tuliandika katika daftari: hatukufika.